Machweo ya Ng'ambo

Bwana Nangumbi wa duka la saruji alitaka kalenda.
"Aprili," akasema, "nitilie jua linazama baharini."
Nikamweleza: jua letu sisi hutoka baharini,
kuzama linazamia Ngongo, nyuma ya minara ya simu.
"Wewe si fundi?" akasema. "Fundi hutafuta."

Nikatafuta. Nikavuka Kitunda.
Ukiwa ng'ambo, Lindi yote inageuka magharibi
na ghuba inakaa katikati
kama msuluhishi asiyetaka lawama.

Jioni ya kwanza jua lilishuka jeupe,
yai lililochemshwa likamenywa.
Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile,
na mwamba, wenye meno ya mbuzi ya kukunia nazi,
ukanila soli ya kandambili na ngozi kidogo ya kisigino.
Anga tupu haipigiki picha.
Anga inataka kasoro: kipande cha wingu,
moshi wa mashamba yaliyochomwa,
kitu cha kuliuma jua litoe damu.

Nikainua mikono nikaomba mawingu.

"Acha hiyo," sauti ikatoka chini ya jabali.
Sharifa Mnali, jembe la mbao begani,
magoti meupe kwa chumvi.
Marundo yake kumi na manne yalijipanga kando ya majaruba
yakisubiri magunia.
"Mie tangu Juni naomba yasije.
Wewe mgeni wa juzi unayaita."

Tukacheka. Lakini kila mtu alirudi kwenye dua yake,
na dua mbili zikapanda njia moja nyembamba,
sijui ipi ilipisha ipi.

Siku ya tano, alasiri, wingu likachomoza upande wa Rondo.
Dogo kwanza, doa la wino kwenye shati la shule.
Upepo ukakatika. Bahari ikawa nzito, rangi ya risasi,
mawimbi yakapiga mwamba bila povu, bu, bu,
kama mtu anayetwanga kinu kitupu.
Kisha jua likapenya chini ya wingu
na, Mola anisamehe, sijapata kuona kitu kizuri vile:
mabati ya mjini yakawaka,
ukingo wa wingu ukawa shaba, tumbo lake zambarau iliyoiva,
pazia la mvua likaburuzwa juu ya maji kuja kwetu.

Nikapiga moja. Nikapunguza mwanga, nikapiga ya pili.
Nyuma yangu turubai likipigapiga.
"We mpiga picha! Shika pembe!"
Nikapiga ya tatu.
"We baba!"
Ya nne, ya tano. Kidole hakikuwa changu.
Ya saba, lenzi ikapata tone la kwanza.
Ndipo nikashika pembe.

Tuliokoa marundo kumi.
Manne yaliyeyuka tukiyatazama,
yakarudi baharini kwa kijifereji,
bila kelele, kama wageni waliokumbuka kwao.
Sharifa hakunitukana. Alikung'uta kanga,
akaniuliza kama mashine yangu imelowa.

Kalenda ilitoka mwisho wa Desemba.
Kwa kinyozi wanabishana:
huyu anasema Unguja, yule anasema Ulaya.
Hakuna aliyesema Lindi,
ingawa kinyozi mwenyewe yumo, bati la tatu kutoka kushoto.
Nangumbi ameagiza nakala mia mbili zaidi.

Moja nilivuka nayo.
Sharifa alifuta mikono, akafunua:
Januari, Februari, Machi.
Aprili akakaa nayo kitambo.
"Hili wingu," akasema, "nalijua."

Akaendelea kufunua mpaka Septemba,
picha ya mifuko ya saruji, juani, hakuna cha zaidi,
akaipigilia msumari hapo.